Barua ya Salongo

Ukitaka kuwaona wanaume watatu wa Bunia ambao hawajashika chepe siku ya salongo hata mara moja, nenda njia panda ya nyuma ya soko, pale ubao mrefu ulipolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kuchapisha barua. Salongo ni ile kazi ya lazima ya Jumamosi: tangu alfajiri hadi saa nne, kila raia mwenye mikono miwili husafisha mifereji na kuziba mashimo ya barabara. Saa hizo ubao huwa mtupu, na hakuna ajuaye wenyewe wamejificha wapi. Ikifika saa nne na dakika moja wamefika, wamenawa, na wana maoni. Wanajiita bunge. Wabunge wa barabarani wa Kinshasa, husema, hujadili wakiwa wamesimama. Bunia imeendelea, imepata ubao.

Mama Musoki, mwenye babula ya makaa na birika la kahawa ya tangawizi pale mwisho wa ubao, ndiye serikali ya bunge hilo, kwa maana kwamba ndiye pekee anayefanya kazi. Muzee Karani aliandika barua za serikali kule Djugu miaka thelathini na mmoja. Amestaafu, lakini kalamu tatu bado zimesimama kwenye mfuko wa shati lake kama walinzi wasiojua kwamba mkubwa amehama. Avoka, yaani wakili, ambaye mama yake alimwita Blanchard, alisoma sheria miaka miwili. Wa tatu ukamshinda, akanunua kompyuta na mashine ya kuchapisha, na kibanda ni chake. Kilo ni Assani, mchimba dhahabu wa zamani wa Mongbwalu, anayepima kila neno mkononi kama punje na kwa kawaida hulikuta jepesi.

Jumatatu hiyo walikuwa wakibishana kama nyuki wana chifu au hapana, mara akafika Bernadette, na sufuria iliyofungwa katika kitenge. Hakuna aliyemkaribisha kwa maneno. Walisogea tu, wakamwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji, kama watu wanavyofanya msibani.

— Bamenirudishia chakula, alisema.

Musoki alifungua fundo la kitenge, akainua kifuniko. Bugali na sombe, kisamvu cha huku, havijaguswa. Mvuke ukampanda usoni.

Huku serikali haimlishi mtu aliyefungwa kasho, mahabusu ya polisi. Mke au dada hupeleka chakula mlangoni asubuhi, askari huchukua sufuria, na jioni huirudisha tupu. Sufuria tupu ndiyo habari pekee inayotoka ndani: yuko, anakula. Siku nane sufuria ya Bernadette ilikuwa imerudi tupu.

— Bamesema nini? aliuliza Musoki.

— Bamesema hakuna mutu wa jina ile. Siku nane banapokea chakula ya mutu haiko?

Jina lile ni Elysée, mume wake, muuza viazi vya Kpandroma, ambaye magunia yake yalikuwa yakiegemea ukuta wa Avoka kila siku iliyojaliwa na Mungu. Salongo ya siku tisa zilizopita ilimkuta ndani ya mfereji, chepe mkononi, kwa utii wote. Komanda wa kituo cha polisi cha mtaa alisimamisha gari lake hapo njia panda, akawaambia watu waache mfereji wapande: kuna matofali ya kubeba kwenye kiwanja chake, anakojenga nyumba. Watu wakapanda. Elysée hakupanda. Alisema salongo ni ya barabara, na hii ni nyumba ya mtu. Hakusema kwa sauti kubwa. Hata alitabasamu kidogo, kama mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi hesabu. Komanda akachukua chepe kutoka mikononi mwake, akampiga nalo nyuma ya sikio, na alipoanguka akampiga tena. Kisha askari wakamtupa nyuma ya gari, juu ya miguu ya wenzake. Kesho yake mtaa uliambiwa kwamba ni mshirika wa watu wa porini wenye silaha.

Huo ulikuwa wakati wa ubao mtupu. Waliokuwa garini walikuwa wameshageuza nyuso. Aliyebaki barabarani ni Musoki na ufagio wake, na baadaye kidogo Musoki na maji ya moto, kwa sababu damu ilikuwa pale pale anapoweka babula na hakuna mwingine ambaye angeiosha. Tangu hapo hakuwa amemwambia mtu neno.

— Nataka barua, alisema Bernadette. Ya kushitaki.

Avoka alikaa wima.

— Kushitaki nani?

— Komanda.

Kilo alipuliza kahawa yake ingawa ilikuwa imeshapoa.

— Mama, weye unajua ni fasi gani barua za kushitaki zinaendaka?

— Zinaenda kwa bakubwa.

— Miye nilishashitaki. Ile mwaka polisi walichukua motere yangu. Barua kurasa mbili, kashe mbili, muhuri ya buluu na ya nyekundu. Kiisha miezi tatu, niko nanunua karanga hapa sokoni, nafungua kakaratasi, naona jina yangu. "Mimi niliyetia sahihi hapa chini, Assani." Na chumvi juu yake.

— Ile ilikuwa kopi, alisema Muzee Karani bila kumtazama.

— Kopi yenye kashe?

— Kopi inaweza kupata kashe. Karanga haifungwake na original. Original ni mali ya serikali.

— Na original inalalaka wapi, Muzee?

Karani alimaliza kwanza kikombe, kwa sababu mtu wa ofisi hajibu huku ananywa.

— Djugu tulikuwa na kabati ya chuma, ya wakati ya Babeleji. Droo tatu. Ya kwanza, haraka. Ya pili, haraka sana. Ya tatu, mashitaka. Ufunguo ya ile ya tatu ilienda na Mubeleji mu mwaka wa sitini.

— Sasa barua za mashitaka mulikuwa munaweka wapi? aliuliza Avoka.

— Mu droo ya tatu. Iko na upenyo kule juu. Tulikuwa tunasukuma na rula.

— Miaka yote makumi tatu na moja?

— Mvumilivu anakula mbivu, alisema Karani kwa fahari.

Musoki alimtazama Bernadette. Alikuwa amekumbatia sufuria kwa mikono yote miwili, kama mtu anayejaribu kuizuia isipoe.

— Ile ni mambo ya zamani, alisema Avoka. Leo barua yote inapanda ndege, inaenda Kinshasa. Kule kuna nyumba moja ya ghorofa ine, mashitaka tupu, ya inchi nzima. Ghorofa ya tatu ilishaangukia ya pili sababu ya uzito. Bafanyakazi wa chini hawafungue tena bahasha. Banasikiliza tu kama dari inalia.

— Weye ulifika Kinshasa siku gani? aliuliza Karani.

— Mutu wa sheria hana lazima ya kufika. Macho haina pazia.

— Uongo, alisema Kilo. Haziende Kinshasa. Haziende hata mahali. Zinakuliwa.

— Na karanga tena, alisema Avoka.

— Hapana. Zinakuliwa na bakubwa benyewe, ndiyo sababu unaona shingo zao nene. Miye niliona. Kule mugodini, mutu moja alileta barua ya kushitaki mukubwa mwenye alikuwa anachunga shimo. Mukubwa akasoma yote. Akapasua mara ine. Akaweka mu kinywa, akatafuna, pale pale, mbele ya mwenyewe. Akaomba maji.

Alikuwa ameanza kama mzaha, na Musoki aliona kwenye uso wake mahali ambapo mzaha ulimtoroka.

— Na ule mutu? aliuliza Bernadette.

Kilo aligeuza kikombe mkononi.

— Aliacha ile mugodi, alisema. Alienda kulima kwao.

Alidanganya kwa upole, na vibaya. Bernadette aliweka sufuria chini kati ya miguu yake.

— Mumemaliza? alisema. Wakati nilifika hapa, hii chakula ilikuwa ya moto.

Ndipo bunge likaanza kazi. Avoka aliwasha jenereta, akafungua kompyuta. Barua ya serikali huandikwa kwa Kifaransa, na kwa kuwa Kifaransa cha Avoka kilikuwa cha chuoni, cha Karani cha ofisini na cha Kilo cha redioni, mstari wa kwanza uliwachukua nusu saa. Waliafikiana angalau juu ya inakokwenda: ofisi ya mashitaka ya kijeshi, ile watu wanaita oditora, maana huku hata polisi hushitakiwa kijeshi. Karani alitaka "kwa heshima kubwa na unyenyekevu wa kina". Avoka alitaka kifungu cha sheria. Alikitaja kwa namba, akaibadilisha namba, akairudisha ile ya kwanza. Kilo, asiyejua kuandika hata jina lake vizuri, alitaka iandikwe kwamba Elysée alipigwa kama nyoka.

— Nyoka haiingiake mu barua ya serikali, alisema Karani.

— Alipigwa kama nini basi? Kama naibu-gavana?

Nyoka aliingia.

— Shahidi, alisema Avoka, vidole juu ya mashine. Nani aliona?

Karani alichomoa kalamu moja mfukoni, akairudisha.

— Miye ile siku tumbo ilikuwa inauma, alisema Karani.

— Miye nilikuwa mu sala, alisema Kilo.

— Saa moja ya asubuhi, siku ya salongo, weye uko mu sala? aliuliza Avoka.

— Mungu hana salongo.

— Na weye, Avoka? aliuliza Bernadette.

— Mwenye kuandika hawezi kuwa shahidi. Sheria inakataza.

— Kama shahidi haiko, inakuwa nini? aliuliza Bernadette.

— Inakuwa upepo.

Musoki alikuwa akiosha vikombe. Aliosha kimoja mara mbili. Miaka sita iliyopita, upande wa Djugu, mume wake Mumbere alikuwa ameona jambo. Walikuja wageni wenye kofia na madaftari, wakaomba walioona waseme, na Mumbere akasema, maana alikuwa mtu wa kuulizwa akajibu. Aliandikwa kwenye orodha, wa nne kutoka juu. Baada ya wiki mbili orodha ilikuwa hai na Mumbere hapana. Musoki alishuka Bunia na watoto wawili na birika, na akajiwekea sheria moja: macho ni ya kutafutia chenji ya mteja, basi.

Alitazama jiwe chini ya babula. Alikuwa amelisugua kwa majivu, na kwa mchanga, na lilikuwa safi kuliko mawe mengine yote ya njia panda, na hilo ndilo lilikuwa baya: kila aliyepita angeweza kuona ni wapi palipooshwa.

— Andika jina yangu, alisema.

Wote wanne walimtazama.

— Mama Musoki, fikiria kwanza, alisema Kilo.

— Siku tisa niko nafikiria. Andika. Alipigwa na chepe yake mwenyewe, nyuma ya sikio ya kuume, mara mbili. Ya pili alikuwa tayari chini. Komanda ndiye alipiga, hapana askari. Askari walimubeba tu.

Avoka aliandika. Bernadette alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kitenge; ndiyo kwanza alisikia habari ya mara ya pili.

— Weka adresi, alisema Karani, aliyekuwa amechangamka kwa kuona barua inapata mifupa. Shahidi bila adresi ni uvumi. "Anauza kahawa njia panda ya nyuma ya soko, kila siku, kuanzia saa kumi na mbili." Na namba ya simu.

Namba iliwekwa. Musoki aliinama kutazama jina lake kwenye kioo. Lilikuwa dogo kuliko alivyodhani, na lilikaa peke yake katikati ya Kifaransa kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

— Sasa imetimia, alisema Avoka.

— Haijatimia. Iko na kosa kubwa. Karani alinyoosha kalamu nyekundu hadi ikagusa kioo, juu kabisa, chini ya jina la oditora. Hapa. Barua inaruka ngazi. Weka S/C.

— Muzee, ile ni ya bafanyakazi wa serikali. Huyu mama ni raia.

— Raia haiko chini ya mutu?

— Iko, lakini...

— Ile wanafundishaka mu mwaka wa tatu, pengine, alisema Karani kwa sauti ya huruma.

Shingo ya Avoka ilibadilika rangi. Kuna watu unaweza kuwatukana mama yao wakasamehe. Avoka usimguse mwaka wa tatu. Aliandika S/C na vyote vilivyofuata.

— Ni nini ile S/C? aliuliza Kilo.

— Ni heshima, alisema Karani.

Musoki akaridhika na hilo. Heshima haijaua mtu, alidhani.

Zikabaki kopi za kuarifu, na hapo bunge likasahau kwamba kuna mwanamke anayesubiri. Gavana. Meya. Askofu. Kilo akasema kama kuna askofu, na imamu awepo. Radio mbili. Umoja wa Mataifa. Chifu wa mtaa. Kilo akapendekeza balozi wa Ubelgiji, labda bado ana ule ufunguo wa Muzee Karani.

— Penye bengi hapaharibike neno, alisema Karani. Ongeza.

Zilifika kumi na saba. Mashine ilitapika karatasi hadi wino ukawa kijivu. Bernadette alitia sahihi zote, moja moja, juu ya paja lake, kisha akazipanga kwenye bahasha kubwa, akabeba sufuria kichwani, akaenda.

Waliobaki kwenye ubao hawakuwa tena watu wa Jumatatu ya kawaida. Walikuwa washindi.

— Ile "unyenyekevu wa kina" itabamaliza, alisema Karani. Mutu akisoma ile, anajua barua imetoka mu mukono ya kazi.

— Kifungu ndiyo itabamaliza, alisema Avoka. Unyenyekevu haifungake mutu.

— Nyoka, alisema Kilo. Mutaona. Barua ingine yote inasahauliwa. Hii batasema: ile ya nyoka.

— Samaki mukunje angali mubichi, alisema Karani, na ikamchukua Kilo muda kuuliza nani samaki, kama ni komanda au ni barua, na Karani akasema ni wote wawili.

Musoki aliwamiminia kahawa. Mwilini alisikia wepesi ambao haukumpendeza, kama wa mtu aliyeshusha mzigo akasahau ameuweka mlango wa nani.

Bernadette alirudi saa saba na nusu, karibu anakimbia. Kichwani hakuwa na sufuria.

— Bamepokea chakula, alisema kabla hajafika. Yuko. Bamepokea.

Alikaa, akalia kidogo, akacheka. Kilo alimpa kikombe chake mwenyewe. Hata Avoka alifuta miwani.

— Barua inafanya kazi, alisema Karani. Nilisema.

— Oditora bamesema nini? aliuliza Musoki.

— Oditora sijafika. Nilianza kwa komanda, sawa vile muliandika.

Musoki aliweka birika chini.

— Nani aliandika kwa komanda?

— Hapa, kule juu. Askari wa mulango alisoma, akasema: hii barua inaenda oditora kwa kupitia kwa komanda, ingia. Nikaingia. Bernadette alitoa karatasi moja iliyobaki. Komanda akanipigia kashe, akaniachia kopi yangu. Zile zingine akabakia nazo, kumi na sita yote, akasema zote lazima zipitie kwake. Alikuwa mupole, mama. Alisoma polepole, mpaka chini. Halafu akaita mutu, akasema pokeeni chakula ya huyu mama.

— Muzee Karani, alisema Musoki. S/C ni nini?

— Ni utaratibu. Karani alikuwa akitazama barabara. Mudogo hapana andikia mukubwa wa juu bila kupitia kwa mukubwa wa karibu. Huyu anasoma, anatia maoni yake, anaipandisha. Miaka yote tulikuwa tunafanya hivi.

— Mwizi ndiye anabeba barua ya kushitaki mwizi, alisema Kilo. Na pale juu anatia maoni.

— Utaratibu haujue mwizi.

— Avoka, weye ulijua? aliuliza Musoki.

Avoka alikuwa akifuta miwani ambayo ilikuwa safi.

— Miye nilisema yeye ni raia, alisema kwa sauti ndogo. Nilisema.

— Alisema kitu ingine? Musoki alimuuliza Bernadette. Komanda.

Bernadette alifikiri. Furaha ilikuwa bado usoni mwake. Haikuwa na habari.

— Aliniuliza tu kama kahawa ya hapa iko muzuri.

Pikipiki ilipita ikipiga honi, ikapotea kuelekea soko. Kilo ndiye aliyeamka kwanza.

— Mama, zima babula. Weye uko na dada kule Gety. Panda motere sasa hivi, miye nabakia na vyombo.

Musoki alikuwa akipima, na si kwa kipimo cha Kilo. Sufuria imepokelewa kwa sababu kuna jina la aliyeona. Jina likipanda pikipiki likaenda Gety, kesho asubuhi mlangoni watasema tena hakuna mtu kama huyo, na safari hii pengine watakuwa wanasema kweli. Watoto wake walikuwa shuleni hadi saa kumi. Aliitoa simu yake kwenye pindo la kitenge, akampa Kilo, namba ya dada ikiwa ndani yake.

— Batoto, bapokee weye kwenye shule. Walale kwako.

Kisha akamgeukia Bernadette, akamshika mkono.

— Ile kopi moja. Peleka oditora. Sasa. Weye mwenyewe, mu mukono ya mutu wa pale, kashe ya pili juu yake. Kama batakuambia kuna mutu ya kupitia, kataa. Banafunga saa tisa na nusu.

— Lakini Muzee amesema...

— Muzee amemaliza kusema.

Bernadette alimtazama, na furaha ikamtoka usoni taratibu, kama maji yanavyoondoka kwenye ndoo iliyotoboka. Alisimamisha pikipiki ya pili iliyopita, ya kwanza ilikuwa na abiria, akapanda na karatasi ndani ya blauzi.

Mtu asiyejulikana kwenye ubao alifika saa nane na robo, kwa miguu, shati jeupe lililopigwa pasi. Hakuwa na haraka. Aliwapa wote mkono, kila mmoja, akakaa kwenye nafasi ya Bernadette, akaomba kahawa. Aliinywa hadi nusu.

— Ni kweli, alisema. Iko muzuri.

Kisha akatoa mfukoni karatasi zilizokunjwa mara tatu, akazinyoosha juu ya goti. Wino wake ulikuwa wa kijivu.

— Hii Kifaransa inapita nguvu, alisema kwa upole. Komanda mwenyewe ameipenda. Amenituma niulize kitu moja tu. Nani aliandika?

Hakuna swali jepesi zaidi lililowahi kuulizwa kwenye ubao ule. Watu hawa walikuwa wamejibu kwa nini nyuki wana chifu, kwa nini ndege za Kinshasa huchelewa, mwezi una uzito gani. Musoki aliwatazama mmoja mmoja.

— Miye macho haisome tena, alisema Muzee Karani. Tangu mwaka jana.

— Miye nafanyaka fotokopi tu, alisema Avoka kutoka ndani ya kibanda. Batu banaleta karatasi yao, natoa.

— Miye sijue kuandika, alisema Kilo, na huo ndio ulikuwa ukweli pekee, akausema akiwa ameinamisha kichwa kama mwongo.

— Kumbe barua imejiandika, alisema yule mtu. Hakukasirika. Aligeuza ukurasa. Na huyu mama mwenye kutia sahihi, ametoka hapa akaenda wapi?

Musoki alitazama kivuli cha kibanda. Kilikuwa hakijagusa mfereji, saa tisa ilikuwa bado. Kutoka hapa hadi oditora, vumbi, foleni ya mlangoni, askari atakayesema ngoja: Bernadette bado alihitaji saa nzima, ikiwa Mungu yuko kazini. Alichukua kikombe cha yule mtu kabla hakijaisha, akakijaza hadi ukingoni, polepole, tangawizi ikatangulia.

— Mwenye kuandika haiko hapa, alisema. Mwenye kuona ni miye.

Yule mtu alimwangalia kwa mara ya kwanza. Kisha akakunja karatasi.

— Uliona nini, mama?

Musoki alivuta kigoda, akakaa mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja. Alianza mbali. Alianza na mvua ya Ijumaa ile, jinsi mfereji ulivyojaa takataka za soko, nani alikuja wa kwanza, chepe lilikuwa la nani na mpini wake uliwahi kufungwa waya na nani. Alitaja majina ya waliosafisha upande wa kushoto, akakosea moja, akarudi nyuma kulisahihisha. Wanaume watatu walikaa wakisikiliza, kwa kuwa kuinuka kungeonekana, na kwa sababu, hata kama hawakutaka, walikuwa sasa wanasikia kitu ambacho ubao wao ulikuwa haujawahi kusikia: mtu anayesema tu lile alilolijua.

Mara tatu yule mtu alitazama saa yake. Mara tatu Musoki alimwongezea kahawa, na adabu ya Bunia haimruhusu mtu kuacha kikombe kilichojazwa. Elysée alikuwa bado ndani ya mfereji, hai, akiimba. Gari la komanda ndiyo kwanza lilikuwa linakata kona ya soko. Ilikuwa saa tisa na dakika tano.

Musoki aliinamisha birika. Likatoa tone moja, kisha masalio ya tangawizi.

— Naona kahawa imeisha, alisema yule mtu, akianza kuinuka. Utamaliza mbele ya komanda.

— Ikala, papa, kaa chini, alisema Musoki, na akamwaga maji mengine ndani ya birika juu ya masalio yale yale, akalirudisha motoni. Sijafika pale fasi ya chepe.